Graham Bell: Alitafuta milio ya kuamsha chuma, akapata sauti ya mtu

Kuanzia Diani hadi Msambweni zipo nyumba ambazo wenyewe hawakai humo mwaka mzima. Mmoja anafanya kazi Nairobi, mwingine yuko ng'ambo, na nyumba ameachiwa mtunzaji. Yanayomnyima usingizi mwenye nyumba wa namna hiyo ni yale yale kila siku. Je, tangi lililo juu ya paa lina maji au ni tupu? Taa za uani zimewashwa magharibi, au wezi wameachiwa giza lao? Friji imeachwa inakula stima bure? Zamani dawa yake ilikuwa kupiga simu kwenye duka lililo karibu na kuomba mtoto atumwe akaangalie.

Siku hizi fundi anaweza kufunga kisanduku kidogo ukutani, upande mmoja kikaunganishwa na simu na upande wa pili na swichi za nyumba. Mwenye nyumba hupiga nambari akiwa popote alipo, kisanduku kikapokea. Hubonyeza nambari ya siri, kisha akibonyeza 1 pampu huanza kuvuta maji kisimani, akibonyeza 2 taa huwaka. Hakuna aliyetumwa wala aliyetoka jasho.

Wengi wakiona jambo hili hulihesabu kuwa ni la juzi tu. La hasha. Mzizi wake ni mkongwe kuliko simu yenyewe. Kabla simu haijawa chombo cha kuzungumzia, kijana mmoja kutoka Uskoti alikuwa akikesha akijaribu kupitisha milio mingi katika waya mmoja, kila mlio ukaamshe chuma chake upande wa pili na kuviacha vingine vimelala. Kijana huyo ni Alexander Graham Bell. Alichokuwa akikitafuta hakukikamilisha. Njiani aliokota kikubwa zaidi, nacho ni sauti ya binadamu ndani ya waya. Dunia ikamsifu kwa sauti hiyo na kuisahau ile milio. Lakini milio haikufa, na hiyo ndiyo inayowasha pampu hivi leo.

MTOTO WA MAMA ASIYESIKIA

Bell alizaliwa mjini Edinburgh, Uskoti, tarehe 3 Machi 1847. Alikuwa wa pili kati ya ndugu watatu, wote wavulana. Jina la Graham hakuzaliwa nalo. Babu yake aliitwa Alexander, baba yake pia Alexander, naye mtoto akachoka kushiriki jina moja na wazee wake. Alipotimiza miaka 11 akapewa hilo la Graham liwe lake peke yake.

Kazi ya sauti ilikuwa ya urithi nyumbani kwao, kama vile mtoto wa nahodha wa Vanga anavyozaliwa akalikuta jahazi. Babu yake alifundisha watu kusema vizuri. Baba yake alifundisha hayo hayo, na mwaka 1867 akatoa kitabu cha maandishi aliyoyabuni mwenyewe, ambamo kila alama ilionyesha midomo, ulimi na koo vinakaaje mtu anapotoa sauti fulani. Kwa alama hizo hata asiyesikia angeweza kuelekezwa jinsi ya kutamka neno.

Mama yake, Eliza, alikuwa karibu kiziwi kabisa, na bado alipiga piano. Watu wengine walimsemesha kwa kupaza sauti ndani ya mrija aliouweka sikioni. Bell alikuwa na njia yake. Alikaribia paji la uso la mama yake na kunena kwa sauti nzito ya chini, na mama akayapata maneno kwa mtetemo wake. Pia walizungumza kwa herufi za vidole. Hivyo mtoto huyu alijua tangu utotoni jambo ambalo wengi husoma wakiwa wakubwa, kwamba sauti ni mtetemo, na kinachotetema chaweza kuguswa.

Alikuwa mtundu wa mikono. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi, alicheza na rafiki yake katika kinu cha ngano cha baba wa huyo rafiki. Alipoona taabu ya kuondoa maganda ya ngano, aliunda mashine ya makasia yanayozunguka yenye brashi za misumari, nayo ikafanya kazi. Watu wa huku wanaoijua shughuli ya kutwanga mpunga kwa mchi hawatashangaa kwa nini mwenye kinu alifurahi. Baadaye yeye na kaka yake Melville walitengeneza kichwa cha bandia chenye koo, ulimi na midomo. Walipokipulizia pumzi kililia kama mtoto anayemwita mama yake. Hata mbwa wao hakusalimika, maana Bell alimfundisha kunguruma huku akimchezesha taya kwa mikono mpaka mngurumo ukafanana na maneno.

Kisha msiba ukaingia nyumbani. Mdogo wake, Edward, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1867. Mwaka 1870 ugonjwa huo huo ukamchukua Melville. Wazazi, wakibaki na mwana mmoja ambaye naye afya yake ilikuwa ya mashaka, waliuza walivyokuwa navyo na kuvuka bahari mwaka huo huo kwenda Kanada, wakanunua shamba karibu na mji wa Brantford.

KITABU ALICHOKISOMA VIBAYA

Kabla ya kuondoka Uingereza, Bell alikuwa amepata kitabu cha mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Hermann von Helmholtz. Mtaalamu huyo alitumia stima kutetemesha uma za chuma, zile zinazotumiwa na wapigaji muziki kupatia sauti, na kwa kuchanganya milio yake akatoa sauti zinazofanana na irabu za binadamu. Kijerumani cha Bell kilikuwa cha kubahatisha. Alipozitazama picha na maelezo, alidhani kwamba Mjerumani huyo amezipeleka irabu kwa waya kutoka mahali hadi mahali. Haikuwa hivyo hata kidogo. Lakini kosa hilo lilimtia Bell imani kwamba jambo hilo limekwisha kufanyika, kwa hiyo na yeye anaweza kulifanya. Angekijua Kijerumani vyema, huenda asingethubutu kujaribu.

Mwaka 1871 alikwenda Boston, Marekani, kufundisha viziwi kusema kwa kutumia alama za baba yake. Mwaka 1873 akawa profesa wa elimu ya sauti katika Chuo Kikuu cha Boston. Mchana alifundisha, usiku alijifungia na nyaya, betri na sumaku. Wanafunzi wawili wakayageuza maisha yake. Wa kwanza alikuwa mtoto mdogo, George Sanders, ambaye baba yake alikuwa tajiri wa biashara ya ngozi. Wa pili alikuwa msichana, Mabel Hubbard, aliyepoteza kusikia akiwa na miaka mitano kwa ugonjwa wa homa. Baba yake Mabel alikuwa mwanasheria mwenye fedha na mwenye hamu kubwa na biashara ya telegrafu. Wazee hawa wawili ndio waliogharimia majaribio ya Bell.

Hawakutaka simu ya kuzungumzia. Walichotaka ni dawa ya tatizo la telegrafu. Wakati ule waya mmoja ulibeba ujumbe mmoja, au miwili kwa ufundi mpya, na kutandika waya mwingine ni mali nyingi. Atakayeweza kupitisha ujumbe kumi katika waya mmoja angekuwa tajiri. Mvumbuzi mwingine wa Marekani, Elisha Gray, alikuwa katika mbio hizo hizo.

Mpango wa Bell ulikuwa huu. Chukua magambusi mawili yenye nyuzi zilizolinganishwa sawasawa na uyaweke karibu. Ukigonga uzi mmoja wa gambusi la kwanza, ule unaolingana nao katika gambusi la pili hutetema wenyewe bila kuguswa, na nyuzi nyingine hutulia. Bell alitumia ndimi za chuma badala ya nyuzi, mfano wa zile zilizomo ndani ya kinanda, na waya wa stima badala ya hewa. Kila ulimi wa upande huu ulikuwa na mwenzake upande wa pili. Ukitetemeshwa ulimi wa kwanza huku, ungetetema wa kwanza kule. Ukitetemeshwa wa tano, ungeitika wa tano. Kwa hiyo milio mingi ingepita pamoja katika waya mmoja, na kila mmoja ungemtambua wake.

Msomaji na auangalie mpango huu vizuri. Kitendo huku, mwitikio kule, na chuma kinachojua kuchagua mlio wake. Hapo hapajasemwa neno lolote la binadamu.

ULIMI ULIOKWAMA

Msaidizi wake alikuwa fundi kijana, Thomas Watson, aliyefanya kazi katika karakana ya vyombo vya stima mjini Boston. Ndimi za chuma ziliwatesa. Zilitoka katika mlingano, zikachanganya milio, zikakwama.

Tarehe 2 Juni 1875 ulimi mmoja wa Watson ulikwama. Akautikisa kwa kidole ili kuukwamua. Katika chumba cha pili Bell, ambaye sikio lake lilikuwa kali kama la mpiga fidla, alisikia kwenye chombo chake kitu kisichokuwa mlio mkavu wa telegrafu. Alisikia sauti yote ya chuma kinachotetema, na rangi yake na mwangwi wake. Alitoka mbio kumkataza Watson asiguse kitu. Hapo alijua kwamba ikiwa waya unaweza kubeba mtetemo mzima wa chuma, basi unaweza pia kubeba mtetemo wa koo la mtu.

Ombi lake la haki ya uvumbuzi liliwasilishwa mjini Washington tarehe 14 Februari 1876. Siku hiyo hiyo Elisha Gray naye alipeleka hati yake juu ya jambo hilo. Bell alipewa hati namba 174,465 tarehe 7 Machi, siku nne baada ya kutimiza miaka 29. Hata katika hati hiyo kichwa cha habari kilitaja tu matengenezo bora ya telegrafu. Siku tatu baadaye, tarehe 10 Machi 1876, Bell alimwita Watson kwa chombo chake aje alipo, na Watson akaja kutoka chumba kingine akiwa ameyasikia maneno hayo wazi. Mwezi Juni chombo kilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Philadelphia, na mfalme wa Brazil, Dom Pedro wa Pili, aliyekuwa mgeni huko, alikistaajabia mbele ya watu. Agosti mwaka huo sauti ilipita kwa waya kati ya miji ya Brantford na Paris huko Kanada, mwendo wa maili 8 hivi.

Pwani yetu haikuwa mbali na mambo hayo. Mwaka 1879, miaka mitatu tu baadaye, waya wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, enzi ya Seyyid Barghash, wakati mamlaka ya Unguja yalipohesabiwa kufika Vanga na kupita. Neno simu lenyewe lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni waya. Wenyeji waliitumia kwanza kwa telegrafu. Chombo cha kuzungumzia kilipokuja kilirithi jina. Kwa hiyo Mswahili anapotaja simu anautaja ule waya, hata kama leo haupo.

MALI NA MASHTAKA

Kampuni ya simu ya Bell iliundwa mwezi Julai 1877, na siku mbili baadaye, tarehe 11, Bell akamwoa Mabel, mwanafunzi wake wa zamani. Zawadi yake ya arusi ilikuwa ya ajabu. Alimpa karibu hisa zake zote, 1,487, akabaki na 10 tu. Hivyo mali yote iliyotokana na simu ilikuwa mikononi mwa mwanamke ambaye asingeweza kuitumia simu hiyo hata siku moja. Walijaliwa mabinti wawili. Wavulana wao wawili walifariki wakiwa wachanga.

Penye mali hapakosi ugomvi. Kampuni ilipambana na mashtaka kiasi cha 600 kutoka kwa watu waliodai kuwa simu ni yao. Shauri kubwa kuliko yote lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1888 majaji wanne dhidi ya watatu wakampa Bell ushindi. Bell mwenyewe hakuwa mtu wa biashara. Mwaka 1880 Ufaransa ilimtunuku faranga 50,000, naye akazitumia kuanzisha karakana ya uchunguzi. Mwaka huo huo yeye na mwenzake Charles Sumner Tainter walipeleka sauti kwa mwanga wa jua, bila waya wowote, zaidi ya mita 200. Hiyo ndiyo kazi aliyoionea fahari zaidi kuliko simu.

Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari hawakujua risasi imelala wapi. Bell aliunda chombo cha kutambua chuma ndani ya mwili. Chombo kilikuwa kizuri, lakini rais alilala juu ya kitanda chenye springi za chuma, na daktari wake aliruhusu upande mmoja tu wa mwili upimwe. Risasi haikuonekana, na rais akafariki.

ALIPOWAKOSEA VIZIWI

Bell alipenda kujulikana kama mwalimu wa viziwi kuliko mvumbuzi wa simu. Alimsaidia Helen Keller, mtoto asiyeona wala kusikia, kwa kuwaelekeza wazazi wake mahali walipompata mwalimu wake Anne Sullivan, na urafiki wao ulidumu maisha yote.

Lakini hapa pana upande wa pili, na si haki kuuficha. Bell aliamini kwamba kiziwi lazima afundishwe kusema kwa mdomo na kusoma midomo ya watu, na kwamba lugha ya ishara humtenga na walimwengu. Mwaka 1880 mkutano wa walimu uliofanyika Milan, Italia, ulipitisha kwamba mafunzo ya mdomo ndiyo bora, na katika nchi nyingi ishara zikapigwa marufuku madarasani. Walimu waliokuwa viziwi wakakosa kazi, na watoto wakakatazwa kutumia mikono. Bell aliutia nguvu mwendo huo kwa jina lake kubwa. Mwaka 1883 alisoma mbele ya wataalamu maandishi ya kuonya kwamba viziwi wakiendelea kuoana wao kwa wao litatokea kabila la viziwi. Mtu huyu huyu alikuwa amezungumza na mama yake kwa vidole.

Nia yake haikuwa mbaya, lakini nia njema haimzuii mtu kuumiza. Aliamua mambo ya watu bila kuwauliza wenyewe. Ndiyo maana hata leo viziwi wengi duniani hulitaja jina lake kwa uchungu. Kenya ilikwisha kuchagua njia nyingine, kwani Katiba ya 2010 inaitaka serikali iikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, na imeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Na simu yenyewe imewageukia viziwi kwa namna ambayo Bell hakuifikiria, maana kwa ujumbe wa maandishi na kwa picha ya video kiziwi wa Kwale humpata ndugu yake wa Mombasa bila kufungua mdomo.

SIKU ZA MWISHO

Utu uzima wake Bell aliumalizia zaidi katika kisiwa cha Cape Breton, Kanada, alikojenga nyumba juu ya mlima unaotazama maji. Huko alijishughulisha na tiara kubwa, ndege, kondoo, na chombo cha majini kinachonyanyuka juu ya mbawa zake. Mwaka 1919 chombo hicho kiliweka rekodi ya mwendo wa kilomita 114 kwa saa. Mwaka 1915 aliketi New York akazungumza na Watson aliyekuwa San Francisco, waya ukiwa umevuka bara zima. Lakini katika chumba chake cha kusomea hakutaka simu iwekwe. Ilimkatiza fikira.

Alifariki kwa ugonjwa wa kisukari tarehe 2 Agosti 1922, akiwa na umri wa miaka 75, Mabel akiwa kando yake. Wakati wa maziko simu za Amerika ya Kaskazini zilizimwa kwa dakika moja. Mabel hakukaa sana, alimfuata mwanzoni mwa 1923.

MILIO YARUDI

Bell alipoiacha ile milio yake, wengine waliendelea kulitafuta jambo lile lile kwa njia zao. Mmoja wao alikuwa mtayarishaji wa maziko wa Kansas City, Almon Strowger. Inasimuliwa kwamba aliwashuku maopereta kuwa waliwapeleka wateja wake kwa mshindani. Akaunda mashine ya kuunganisha simu bila opereta, akapata haki yake mwaka 1891, na kituo cha kwanza kikafunguliwa katika mji wa La Porte, Indiana, mwaka 1892. Katika simu za kuzungusha zilizokuja baadaye, kila nambari ilikatakata stima ya laini mara kadhaa, na kila mkato ulisogeza mkono wa chuma hatua moja katika kituo cha mbali. Hapo mtu wa kawaida, akiwa kwake, alianza kusogeza chuma kilicho mbali kwa kidole chake. Vijiji vingi vya Kenya vilikuwa bado vinapita kwa opereta wa posta katika miaka ya 1970.

Kisha tarehe 18 Novemba 1963 kampuni iliyotokana na ile ya Bell ilianza kuwapa wateja wa Pennsylvania simu za vitufe. Kila kitufe kilitoa milio miwili kwa pamoja. Kitufe cha 1 ni mlio wa mitetemo 697 kwa sekunde pamoja na mwingine wa mitetemo 1,209. Milio ni miwili ili sauti ya mtu anayezungumza, au redio iliyo karibu, isije ikadhaniwa kuwa ni kitufe. Upande wa pili kuna chombo kinachochuja milio na kuujua kila mmoja. Ndimi za chuma hazipo tena, lakini kazi ni ile ile iliyomkesha Bell, yaani mlio kupita katika waya na kuamsha unaolingana nao.

Simu ilikuwa mdomo na sikio. Kwa vitufe ikapata na mkono. Kila Mkenya amekwisha kuusikia mkono huo anapopiga simu kwa kampuni na kuambiwa abonyeze 1 kwa Kiswahili. Kisanduku cha nyumba ya Diani hufanya hayo hayo. Kinapokea baada ya simu kulia mara kadhaa, kinangoja nambari ya siri, kinachuja mlio, kisha kinaipa stima kidogo sumaku ndogo inayofunga swichi. Swichi hiyo ndogo haiwezi kubeba pampu, kwa hiyo huvuta nyingine kubwa zaidi. Kilicho kizuri hujibu pia kwa mlio wake, ili mpigaji ajue kwamba jambo limefanyika. Mafundi husisitiza mambo mawili. Boya la kuzima pampu tangi likijaa lisiondolewe kwa sababu kuna simu. Na pasi au jiko lisiwashwe na mtu ambaye hayaoni, maana mlio hauoni kitambaa kilichosahauliwa juu ya jiko.

Mkono huu umefika hata katika nyumba zisizofikiwa na nguzo za stima. Tangu 2012 kampuni ya M-KOPA imekuwa ikiwauzia Wakenya taa za jua kwa malipo ya kidogo kidogo kwa M-PESA. Ndani ya sanduku lake mna kadi ya simu. Njia yake ni ya mtandao, si ile ya milio ya vitufe, lakini kazi ni moja. Ukilipa, amri hupita hewani na taa zikawaka. Siku zikiisha, taa hazifanyi kazi mpaka ulipe tena. Kwa njia hiyo watu wengi ambao wasingeweza kununua kwa mkupuo mmoja wamepata mwanga na kuachana na koroboi. Lakini tazama mambo yalivyogeuka. Mwenye nyumba wa Diani anashika swichi ya nyumba yake mwenyewe kutoka Nairobi. Mwenye nyumba wa shambani Kinango, hadi amalize deni, swichi yake inashikwa na mwingine aliye Nairobi.

Hapo ndipo maisha ya Bell yanapotufaa. Yeye alikuwa na sikio kali, lakini aliyaamua maisha ya viziwi akiwa mbali nao. Mkono mrefu ni neema ukiwa wako, au ukiwa wa mtu uliyekubaliana naye kwa macho makavu. Anayefungiwa chombo kinachotii simu na aulize mapema nambari ya siri inajulikana na nani, na atafanya nini siku simu inapokosa mtandao. Fundi mwaminifu huweka kando ya kisanduku swichi ya kawaida ya ukutani, ili aliye ndani ya nyumba aweze kuwasha na kuzima kwa mkono wake mwenyewe.